Fedha za Macho Zilipopita Tinde

Mume wangu alisema uongo kwa Kiingereza mbele ya watu wote wa Tinde, akidhani hakuna anayemwelewa isipokuwa Mzungu aliyesimama naye. Alinisahau mimi. Nilikuwa nimekaa chini vumbini, mtoto mgongoni, mama yangu ubavuni, na Kiingereza hicho masista wa shule ya bweni walinichapia mpaka kikakaa.

Ilikuwa siku ya kufunga kambi. Daktari wa Kizungu alikuwa ameletwa Tinde kwa fedha za serikali kuchunguza kama watu wetu wenye ugonjwa wa sukari wanaharibika macho kwa ugonjwa huo, na mume wangu alikuwa mkalimani wake. Daktari alisema maneno yake, mume wangu akayageuza kwa ile sauti ya bomani ambayo nyumbani hatuijui:

"Bwana Daktari amefurahi sana. Amekuta ninyi ni watu wazima. Ugonjwa wa sukari hapa ni kama haupo, na ule wa kuharibu macho hakuuona kabisa. Kwa hiyo fedha zilizotengwa zitarudishwa, zikafanye kazi mahali pengine penye shida."

Mpaka hapo alitafsiri sawasawa. Watu wakapiga vigelegele. Wanaambiwa hawapati kitu, wao vigelegele! Walisikia "wazima," hawakungoja mengine. Mama yangu naye alipiga makofi, huku akimwambia jambo jirani yake wa kushoto. Jirani huyo alikuwa ameinuka zamani.

"Mayu," nikamwambia, kwa maana ndivyo tunavyowaita mama zetu, "wewe hukuingia kwenye hema?"

"Hema lipi?"

"La kupimwa."

"Sikuambiwa niingie."

"Uliulizwa lakini?"

"Niliulizwa."

"Ukajibu nini?"

"Nikajibu mhola."

Mhola ni neno letu la salama. Ukiulizwa hali unajibu mhola, hata kama nyumbani kwako kuna maiti. Habari yenyewe itafuata baadaye, ukishakaa, ukishapewa maji.

"Kwa nini, Mayu? Macho yako ni mhola hayo?"

"Usinipigie kelele. Aliyeuliza ni mkwe wangu. Ulitaka nimjibu nini, mkwe?"

Nikainuka. Sikujipanga, sikutafuta adabu. Nikapaza sauti kwa Kiswahili: "Si kweli! Huyu mama ana sukari, alipimwa Shinyanga! Jicho moja limeshakufa na la pili linakufa mnaliona, halafu mnatuambia ugonjwa haupo!"

Vigelegele vikakatika. Daktari akamwinamia mume wangu, akamuuliza mwanamke yule anasemaje. Mume wangu akanitazama. Nikayaona macho yake yakiniomba. Kisha akajibu, kwa Kiingereza safi:

"Anaishukuru serikali, bwana."

Nilivumilia mengi katika ndoa ile, na mengine nitayavumilia. Lile halikupita. Nilisogea mpaka mbele ya meza na nikamwambia Mzungu kwa lugha yake kwamba simshukuru mtu. Nikamwambia mkalimani wake ni mume wangu, na kwamba miongoni mwa watu aliowaita wazima yumo mama mkwe wake, ambaye anapofuka.

Nyuma yangu nikasikia watu.

"Kasemaje?"

"Kamtukana Mzungu."

"Hapana, kamtukana mumewe."

"Kwa Kizungu? Ee, afadhali sisi tunatukanwa kwa Kisukuma, tunaelewa tulichopewa."

Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, akaja mbio na fimbo yake. "Binti yangu, mtoto analia, mpeleke kivulini." Mtoto halii. Mtoto alikuwa amelala fofofo.

Daktari hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alikuwa kijana, shingo imeungua jua, anatamani kwenda zake. Akanieleza polepole kana kwamba Kiingereza changu kingevunjika akikiwekea mzigo. Watu wote waliulizwa maswali yaleyale. Waliosema ndiyo walipimwa, waliosema hapana waliruhusiwa. Yeye hawezi kumlazimisha mtu awe mgonjwa. Kambi imekwisha, leo wanarudi Mwanza, na kama nina malalamiko basi malalamiko yana njia yake: nimwandikie mkubwa wake anayesimamia fedha hizo, kabla hazijapelekwa pengine.

"Mpime huyu mmoja tu," nikasema. "Yuko hapa. Hatua chache kutoka kwenye kiti chako."

Akageuka akawatazama wapagazi. Hema lilikuwa limeshalazwa chini, vyombo vya kuchungulia macho vimeshafungwa kwenye masanduku. Akasema pole. Akapanda gari, mume wangu akapanda nyuma pamoja na masanduku, wakaondoka. Hakuniaga.

Wasiomjua mama yangu wanaweza kuuliza kelele zote zile za nini. Basi niseme.

Mama yangu ni mjane. Baba alipofariki alibaki na shamba la pamba na mdomo wake, na vyote viwili alivitumia vizuri. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nakaa Shinyanga mjini katika kota ya serikali, nilipoanza kusikia kwamba anakonda. Nilipokwenda kumtazama nikamkuta anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Mtungi haumalizi mchana. Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, anayekaa naye, akanivuta pembeni akaniambia kwamba mahali mama anapojisaidia sisimizi wanajaa. Walishamwita mganga mara mbili, na mara mbili mganga alikula kuku.

Halafu likaja jicho la kushoto. Alisema kuna moshi ndani yake. Sisi, wenye akili zetu, tukadhani ni moshi wa jikoni, tukahamisha mafiga tukayapeleka nje. Asubuhi moja akaamka akasema hamna moshi tena, kumemwagika wino. Mpaka leo wino huo haujatoka.

Nikamleta hospitali ya Shinyanga. Mganga msaidizi pale, Mwafrika mwenzetu, akachemsha mkojo wake pamoja na dawa ya rangi ya samawati, ikageuka rangi ya tofali. Akasema ni sukari, tena nyingi, na kwamba sukari ikikaa mwilini miaka bila kutibiwa huiharibu mishipa midogo ndani ya jicho, kule nyuma, mahali tusipopaona.

"Sukari?" mama akasema. "Chai ya sukari wanakunywa Wahindi dukani, mkojo mtamu napewa mimi?"

Mganga akacheka. Akamwambia asile viazi wala matobolwa.

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani. Kwa mama yangu hicho ni chakula, ni kitafunwa, ni utoto wake wote. Akamtazama mganga kwa jicho lililobaki. "Sema tu nife, mwanangu, usinizungushe."

Dawa ya sindano ilikuwa inakuja siku nyingine, siku nyingine haiji. Ya macho haikuwepo kabisa. Mganga alisema hata kulitazama jicho kwa ndani kunataka mtu aliyefunzwa na chombo chake, na watu hao serikali haiwaleti huku kwa sababu wakubwa wanaamini ugonjwa huo ni wa Wazungu na Wahindi wenye vitambi, Mwafrika haumpati. "Wenyewe wanasema hakuna wagonjwa," akasema, "kwa sababu hakuna aliyetafuta. Na hawatafuti kwa sababu hakuna wagonjwa."

Ningeweza kumweka mama mjini, karibu na sindano, ziwepo zisiwepo. Ndivyo mtu asiye wa kwetu atakavyoniuliza: kwa nini hukukaa naye? Kwa sababu ya ukwe. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Njiani mmoja huingia porini mwenzake apite. Na kota yetu ni vyumba viwili na kiambaza cha kusikika mtu akijikuna. Mama akija hospitali alilala jikoni kwa jirani yangu, mke wa askari. Jioni mume wangu akirudi kazini jirani hukohoa kumpa mama taarifa, na mama huinuka mbio kujificha. Mtu mwenye jicho moja bovu anakimbia kumpisha mkwe wake! Mara ya mwisho aliingia kwenye shimo la taka mpaka kiunoni. Mume wangu alimsikia akipiga ukunga, na kwa heshima akageuka akarudi alikotoka. Mimi ndiye niliyemtoa, mtoto mgongoni.

Kesho yake mama akasema anarudi Tinde. "Huku mjini kwenu nitapona sukari nife kwa mashimo."

Basi nikawa mtu wa lori. Shinyanga, Tinde, Tinde, Shinyanga, juu ya magunia ya pamba ya Mhindi, mtoto kifuani. Nikiwa kwa mama, mume wangu hana wa kumpikia na majirani wananisema. Nikiwa kwa mume, mama anakula matobolwa na shangazi anamfichia. Elimu yangu yote ya shule ya bweni ikawa haina kazi ila kusoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa.

Halafu siku moja yule mganga msaidizi akanisimamisha barazani hospitali, uso unang'aa. Serikali imekubali! Imetenga fedha za uchunguzi wa macho ya wagonjwa wa sukari, daktari anakuja na chombo, na kambi itapigwa Tinde kwa sababu pana njia kuu na watu. Wagonjwa wakipatikana wengi, fedha zitaendelea, atabaki daktari wa macho Shinyanga na sindano hazitakatika. Wakipatikana wachache, fedha zitarudi. "Serikali haitoi kwa huruma," akaniambia, "inatoa kwa hesabu. Watu wenu wajitokeze."

Na mkalimani aliyechaguliwa bomani ni mume wangu! Nilifurahi mpaka nikampikia kuku. Nilimwambia, "Mungu ametutazama. Safari hii mama amepata mtu wake mezani." Alikula kuku yule kimya. Sasa najua alikuwa anatafuna nini.

Nilitaka niende naye. Mtoto akashikwa na homa, nikabaki. Nilipofika Tinde ilikuwa ile siku ya vigelegele.

Gari la daktari lilipopotea kwenye vumbi, nilimshika mama mkono tukaenda nyumbani, na shangazi akanieleza jinsi kazi ilivyofanyika. Alinieleza akicheka, maana kwake kilikuwa kichekesho.

Mwanangwa alipiga mbiu, akapanga watu mstari mmoja, wanaume, wanawake, wazee, wakwe, mawifi, kila mmoja nyuma ya mwenzake. Mezani amekaa Mzungu, amesimama mume wangu, na maswali yanaulizwa kwa sauti ili mwenye masikio mazito asikie. Unakunywa maji mengi? Unakojoa mara nyingi? Unaamka kukojoa? Macho yako yanaona? Na nyuma yako, mkono unamfikia, amesimama baba mkwe wako.

"Sasa mtu atasema ndiyo?" shangazi akasema. "Mbele ya baba mkwe aseme anakojoa? Hata mimi ningekuwa mtungi uliotoboka ningesema mhola."

"Na mama?"

Shangazi akajifuta machozi ya kicheko. "Mama yako alipofika mbele akasikia sauti ya mkwe wake. Akajifunika kaniki gubigubi, akampa mgongo. Na mkwe naye akampa mgongo! Wamesimama hivyo, mgongo kwa mgongo, kama mbuzi waliogombana. Mzungu katikati anashangaa. Mumeo akasema, 'Mayu, hamjambo?' Mama yako akajibu, 'Mhola, baba.' Basi. Mumeo akamwambia Mzungu neno moja, Mzungu akaita mwingine."

"Hakumuuliza maji? Hakumuuliza macho?"

"Wee! Amuulize mkwewe anakojoa mara ngapi? Dunia ingepasuka."

Mama alikuwa amekaa anachambua choroko kwa vidole. Nikatazama ungo wake. Mawe yalikuwa yanabaki na choroko, na choroko zinatupwa.

"Alifanya vizuri," akasema mwishowe. "Mume wako ana adabu. Ningeaibika."

"Umepofuka, Mayu. Hiyo si aibu?"

"Kupofuka ni ugonjwa. Aibu ni aibu."

Kesho yake wanawake wakaja kunipa pole, maana habari ya mke aliyemvua nguo mumewe mbele ya Mzungu ilikuwa imefika kila boma. Walikaa, wakapewa maji, tukaulizana hali, mhola, mhola, mhola duhu, salama tupu. Na baada ya maji, kama ilivyo desturi, zikatoka habari zenyewe. Mmoja ana kiu isiyokwisha. Mwingine kidonda cha mguuni hakifungi na macho yana utando. Wa tatu dada yake alikufa hivyohivyo, kwanza maji, kisha macho. Nikamuuliza kila mmoja: mbona kambini ulisema mzima? Wa kwanza: nyuma yangu alikuwepo mkwe. Wa pili: mbele yangu alikuwepo shemeji. Wa tatu: mwanangwa mwenyewe ni baba mkwe wangu, na ndiye aliyekuwa ameshika fimbo.

Nilikaa pale nimezungukwa na ugonjwa ambao serikali ilikuwa imeutafuta kwa gari na kwa hema ikaukosa. Nilitaka kucheka kama shangazi. Nikapanda lori nikarudi Shinyanga.

Mume wangu alirudi kutoka Mwanza siku ya pili yake, mchana, akanikuta nasonga ugali. Hakukaa.

"Umenimaliza," akasema.

"Wewe umemmaliza mama."

"Unajua Mzungu aliniambia nini njiani? Aliniuliza kama ni kweli. Nikamwambia mke wangu ana uchungu, mama yake ni mzee. Akaacha. Kwa hiyo limekwisha, usilichimbue."

"Yaani umemwambia uongo wa pili kufunika wa kwanza."

"Sasa ulitaka nifanyeje?" Akapiga kofi ukutani, mtoto akaamka. "Nimuulize mama yako mbele ya watu anakojoa mara ngapi? Wewe umezaliwa Uzunguni? Angejinyonga yule! Na mimi baba yangu angenilaani."

"Ungemwambia Mzungu: huyu ni mkwe wangu, siwezi, tafuta mwanamke amuulize."

"Halafu waseme bomani mkalimani hawezi kazi. Wako vijana kumi wanaitaka kazi hii."

"Basi ungesema tu ni mgonjwa. Ulijua ni mgonjwa! Ulimsikia kwenye shimo la taka!"

"Bila kumuuliza? Huo ungekuwa uongo."

Nikaacha mwiko. "Na kusema mzima bila kumuuliza huo ni nini? Ni ukweli?"

Akakaa sasa, akashika kichwa. Nitasema haki: si mtu mbaya. Angekuwa mbaya kazi yangu ingekuwa nyepesi. Alilelewa kama nilivyolelewa, na siku ile alisimama kati ya serikali na mkwe wake, akachagua heshima. Lakini heshima hiyo aliilipia kwa jicho lisilo lake.

"Wakija kuhesabu ng'ombe," nikamwambia, "wanaingia zizi kwa zizi, wanamshika ng'ombe, wanamtazama meno. Hakuna anayemuuliza ng'ombe kama hajambo. Watu ndio wanaulizwa mstarini, wakisema mhola, kazi imekwisha."

"Usiandike," akasema. Alikuwa ameshajua. "Ukiandika nitafukuzwa. Kota hii si yetu. Tutakwenda wapi? Nyarugusu. Nitarudi Nyarugusu kuchimba dhahabu kwenye mashimo pamoja na baba, kama kaka yangu. Umemwona kaka yangu anavyokohoa. Na wewe utakuwa kule, siku nzima safarini mpaka umfikie mama yako. Utakuwa umemsaidia nani?"

Hilo lilikuwa kweli. Nikiandika, huenda tukapoteza nyumba na mshahara, na mimi nikahamishwa mbali na mama nikimwacha anatupa choroko na kula mawe. Nisipoandika, fedha zinarudi zilikotoka, na mara nyingine mtu akizitaja ataambiwa kulishachunguzwa, hakuna kitu. Kila mlango niliousukuma ulikuwa na mtu wangu mwenyewe ameegemea upande wa pili. Nilimnyonyesha mtoto nikitazama ukuta wa kota, chokaa ya serikali, misumari ya serikali, hata kiti nilichokalia kilikuwa na alama ya serikali chini. Sikuwa na kitu changu mle ndani isipokuwa mtoto na mwandiko.

Nilipanda lori mara moja zaidi. Sikutaka kuandika habari za mwili wa mama bila mama kujua. Hayo yalikuwa yamefanywa na mume wangu, yanatosha. Nilimkuta nyuma ya nyumba anaanika kaniki, anapapasa kamba. Nikamweleza yote: kazi, kota, Nyarugusu, macho.

Akanisikiliza. Kisha akasema, "Mwanga wa hili moja umebaki kama wa kwenye chekecheke. Nakuona wewe kama umemwagiwa pumba."

"Kwa hiyo niandike?"

"Ukiandika nitakuwa mama mkwe aliyesemwa mkojo wake Mwanza."

"Ndiyo."

"Na mkwe wangu atafukuzwa."

"Labda."

Akaishika kamba. "Unanishinda. Mimi siwezi kusema ndiyo, mdomo haufunguki. Na sisemi hapana." Akageuka akaingia ndani, akagonga kizingiti kwa bega, akakitukana, akapita.

Kwa mama yangu, hiyo ni ruhusa kubwa kuliko zote alizowahi kunipa. Nilirudi mjini nikaandika kwa Kiingereza, nikanakili tena kwa Kiswahili nibaki nayo, nikampa mume wangu asome kabla haijatoka nyumbani. Aliisoma amesimama. Hakuichana. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, na mimi nikampita na mtoto mgongoni nikaenda posta. Nakala ya Kiswahili ni hii.

Kwa Bwana Mkubwa anayesimamia fedha za uchunguzi wa macho ya wagonjwa wa sukari, Mwanza.

Bwana,

Yah: Malalamiko juu ya uchunguzi uliofanywa Tinde

Mimi ni mwanamke niliyeolewa, nimesoma sekondari, nakaa Shinyanga. Nalalamika kwamba uchunguzi wa Tinde haukufanywa, ingawa watu walipangwa mstari na kuulizwa.

Kwanza. Mama yangu mzazi ana ugonjwa wa sukari. Alipimwa katika hospitali ya Shinyanga, na mganga aliyempima yupo aulizwe. Jicho lake la kushoto halioni. La kulia linakwenda kufa. Kambini aliandikwa mzima.

Pili. Aliyemwandikisha mzima ni mkalimani wenu. Mkalimani huyo ni mume wangu. Kwa desturi yetu mkwe hawezi kumuuliza mama mkwe wake maswali yale, wala mama mkwe hawezi kuyajibu. Alimsalimu tu, naye akaitikia salamu. Daktari wenu alipokea salamu akaihesabu kuwa uchunguzi. Simwombei mume wangu adhabu, na sifichi alichofanya. Kosa la kwanza ni la waliomtuma mtu kuhoji ukoo wa mkewe bila kumuuliza kama anaweza.

Tatu. Wanawake wengine wa Tinde walisema ni wazima kwa sababu wakwe zao walikuwa mstarini wakisikia. Wameniambia hayo kwa midomo yao, wamekaa, ndani ya nyumba. Wako tayari kupimwa na mwanamke, mahali pa siri. Mkojo wao upimwe kwa moto na dawa, msiupime kwa maneno.

Nne. Naomba fedha zilizotengwa zisipelekwe kwingine kabla kazi hii haijarudiwa. Kama mmeshazipeleka, msiandike kwamba ugonjwa haupo. Andikeni kwamba hamkuutafuta.

Tano. Mama yangu hana muda wa barua nyingi. Kama hamwezi kuleta kambi, mleteni daktari mmoja na chombo chake, au mniambie nimpeleke wapi, nitampeleka.

Jibu lije kwa jina langu, nililoliandika nyuma ya bahasha. Lisipitie bomani, wala kwa mwanangwa, wala kwa mume wangu.